Stata inapiga, injini haishiki: je, ni pampu ya petroli?

Ukiacha betri, hakuna spea inayosingiziwa kwenye gari la petroli kama pampu ya mafuta. Stata inapiga, injini haishiki, na kabla hujafungua boneti kuna mtu pembeni ameshatoa hukumu: "Hiyo pampu hiyo." Kuna siku anapatia. Siku nyingine hela inatoka na gari linabaki palepale.

Yamenikuta. Corolla yangu ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ-FE, injini ileile iliyomo kwenye Premio, Fielder na Spacio nyingi tunazopishana nazo barabarani, iligoma asubuhi nikiwa nimeshavaa tai ya kazini. Nikaenda Gerezani pale Kariakoo, nikanunua pampu, nikaifunga mwenyewe jasho likinitoka, nikapiga stata. Kimya vilevile. Ndipo nikaitazama soketi ya waya chini ya siti, ambayo nilikuwa nimeichomoa na kuirudisha bila kuiangalia. Tundu moja limeungua, plastiki imekuwa na rangi ya chai kavu, na pini ya ndani inacheza ukiigusa na kucha. Pampu niliyoitoa haikuwa na kosa lolote. Bado ninayo kwenye boksi, na nitaeleza mbele ilikuja kunifaa wapi.

Maelezo haya ni ya gari la namna hiyo: petroli, nozeli za umeme zinazopulizia injini mafuta, pampu ndani ya tangi chini ya siti ya nyuma. Dizeli ina mambo yake. Na kama injini yako ni D-4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mfano 1AZ-FSE ya lita 2 iliyomo kwenye Noah, Voxy na baadhi ya Premio na Allion, vipimo vya umeme vya huku nyuma vitakufaa, lakini usifungue paipu za mafuta kule mbele kwenye injini. Kuna pampu ya pili kule yenye presha kubwa mno, inayoweza kupasua ngozi.

Kwanza ujue inavyofanya kazi

Pampu ni mota ndogo ya volti 12 inayokaa ndani ya petroli yenyewe. Petroli ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Inavuta mafuta kupitia kichujio laini kilichovikwa mdomoni mwake kama soksi, inayasukuma kwenye chujio kubwa, na regyuleta inazuia presha isizidi. Kwa 1NZ-FE presha inatakiwa iwe kati ya kilopaskali 304 na 343, yaani psi 44 hadi 50. Ikishuka, nozeli zinaendelea kufunguka kama kawaida, ila kinachotoka ni kidogo. Dalili nyingi utakazoziona zinaanzia hapo.

Upande wa umeme, fyuzi ya EFI (mfumo wa nozeli za umeme) inalisha rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, na rilei inalisha pampu. Anayeiamuru rilei ni kompyuta ya gari, na hapa ndipo wengi wanapotea. Tumefundishana kwamba ukiweka swichi ON bila kupiga stata lazima usikie pampu inavuma kwa sekunde mbili hivi, ukikosa basi imekufa. Nissan nyingi na magari mengi ya Ulaya hufanya hivyo. Toyota nyingi za umri huu hazifanyi. Kompyuta husubiri mpaka stata ipige na ione injini inazunguka, ndipo iruhusu pampu. Kwa hiyo ukimya wa swichi ON kwenye Corolla kama yangu hauthibitishi kitu.

Stata inapiga, injini haishiki kabisa

Anza na vitu visivyogharimu senti. Tazama taa ya ulinzi, ile yenye alama ya funguo au gari dogo lenye kufuli. Ikiwa inawaka au kupepesa huku swichi iko ON, gari halijaitambua funguo yako na pampu usiifikirie kwanza. Halafu geji ya mafuta: boya lake hukwama, likaonyesha robo wakati tangi ni tupu. Kumwaga lita 5 ni nafuu kuliko kung'oa siti. Usicheke, nimeona mtu mzima amevutwa hadi gereji kwa ajili hiyo.

Baada ya hapo unahitaji mtu wa kupiga stata. Wewe weka sikio kwenye siti ya nyuma, madirisha yamefungwa, redio na feni zimezimwa. Stata ina kelele zake, ila mvumo wa pampu ni mwembamba na unatoka chini yako.

Ukisikia mvumo, pampu inazunguka, ingawa kuzunguka si sawa na kusukuma. Chomoa mpira wa hewa baada ya eya klina, puliza kidogo tu dawa ya kusafishia kabureta, rudisha mpira, piga stata. Injini ikishika sekunde mbili na kufa, plagi zina moto na kinachokosekana ni mafuta. Isiposhika hata kidogo, geukia koili na plagi.

Usiposikia kitu, usikimbilie dukani bado. Tazama mshale wa mizunguko ya injini wakati stata inapiga, au bora zaidi soma mizunguko kwa skana ndogo ya kuchomeka chini ya dashibodi. Ikisoma sifuri wakati injini inazunguka kweli, mshukiwa ni sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Kompyuta isipoiona injini ikizunguka hairuhusu pampu wala moto wa plagi. Sensa ya krenki imeshasababisha pampu nyingi nzima kutupwa.

Asubuhi linasumbua, mchana halina neno

Unapiga stata ndefu, mara mbili tatu, likishika linakwenda vizuri kutwa nzima. Hii ni presha iliyovuja usiku. Pampu inapotolea mafuta kuna vali ndogo inayozuia petroli kurudi tangini injini ikizimwa. Kwa injini hii, dakika 5 baada ya kuzima presha isiwe chini ya kilopaskali 147. Vali ikichoka, kila asubuhi pampu inaanza kujaza paipu upya.

Lakini nozeli inayovuja huleta dalili hiyohiyo. Tofauti iko kwenye bomba la moshi: nozeli ikivuja, injini inashika kwa kukohoa, moshi mweusi kidogo na harufu ya petroli mbichi. Vali ya pampu haina moshi. Kama ni vali tu na gari linakuvumilia, hakuna haraka, unaweza kuishi nayo miezi.

Halivuti mlimani

Hii ndiyo dalili ya pampu inayochoka kwelikweli, na watu huisoma vibaya kwa sababu mjini haionekani. Kwenye foleni injini inahitaji mafuta kidogo, hata pampu mgonjwa inayamudu. Mpe mlima, mzigo na kiyoyozi, uone.

Miaka miwili baada ya kisa cha soketi tulikuwa tunakwenda Iringa. Tumetoka Ruaha Mbuyuni, tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori. Nikakanyaga mafuta nipite lori moja, gari likastuka mara mbili, likalegea kama mtu aliyeambiwa habari mbaya. Nikiachia pedali kidogo linapata nguvu, nikikanyaga linakufa. Shemeji yangu aliyekaa nyuma akauliza, "Shem, huku chini kuna nini kinalia hivi?" Alikuwa amekalia pampu. Mvumo uliokuwa mwembamba umepanda, umekuwa kama nyuki kwenye chupa. Tukapanda kwa gia ya chini, kiyoyozi kimezimwa, mguu mwepesi, tukafika Ilula.

Hilo la kuachia pedali na kupata nguvu ndilo la kushika. Eya klina iliyoziba hufanya gari zito bila kustuka. Koili mbovu hustua hata kwenye tambarare na mara nyingi huacha kwenye kompyuta msimbo wa kosa unaotaja silinda. Upungufu wa petroli huja na mzigo na huondoka nao, na kwenye skana huacha P0171, maana yake hewa imezidi mafuta. Msimbo huo pekee hauihukumu pampu, hata mpira wa hewa uliopasuka au sensa ya hewa chafu huuleta. Ila mpira uliopasuka husumbua zaidi injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, pampu dhaifu husumbua zaidi ukiwa umekanyaga.

Niliporudi nikafungua tangi. Ile soksi ya mdomoni mwa pampu ilikuwa nyeusi, imekakamaa, na nilipoikamua ikatoa tope laini lenye chengachenga za kutu. Pampu ilikuwa inavuta mafuta kupitia tambara la matope. Kwenye gari lenye miaka karibu ishirini ambalo tangi lake halijawahi kusafishwa, jambo hilo si la kushangaza. Nikatoa ile pampu ya zamani kwenye boksi, ile niliyoisingizia, nikaivika soksi mpya na kuijaribu. Ilifanya kazi miezi minne nikitafuta hela ya pampu nzuri.

Linazima likipata joto, likipoa linawaka

Washukiwa ni wawili: pampu na sensa ya krenki, na wote wawili hupona wakipoa. Sikiliza gari linavyokufa. Likizima ghafla kama mtu amezungusha funguo, hilo ni la umeme, fikiria sensa, rilei au swichi. Likikohoa, likipungua nguvu, likijitahidi kabla ya kufa, hilo ni la mafuta.

Pampu ya namna hii huwa inazima mapema zaidi tangi likiwa karibu tupu, kwa sababu imekosa cha kuipoza. Ukikwama njiani, msaidizi apige stata huku wewe unagonga tangi kwa chini kwa ngumi au kipande cha ubao, taratibu. Likishika, brashi za mota zimekwisha. Huo ni ujanja wa kukufikisha nyumbani tu, siku moja ubao utagonga na hakuna kitakachoitika.

Pima umeme kabla ya kununua

Multimita, yaani mita ya kupimia umeme, ya bei ya chini inatosha. Fyuzi ya EFI kwanza: itoe, usiitazame tu kwa macho. Ikiwa imeungua na mpya ikaungua tena, pampu imeganda au waya unagusa bodi, na kuweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya ni kutafuta moto. Halafu rilei ya pampu, kwenye michoro ya Toyota imeandikwa C/OPN. Badilishana na rilei nyingine yenye namba ileile kwenye gari hilohilo. Dakika mbili, na jibu umepata.

Kisha nenda kwenye soketi ya pampu chini ya siti. Waya mbili nene ni za pampu, nyembamba ni za boya la geji. Kosa la kawaida ni kuchomoa soketi na kupima ikiwa wazi, ukasoma volti 12 ukaridhika. Waya uliobakiwa na unyuzi mmoja nao utaonyesha volti 12 kama hakuna kinachouvuta. Acha soketi imeunganishwa, ingiza ncha za mita kwa nyuma, msaidizi apige stata, na ulinganishe na volti za betri muda uleule. Betri ikisoma 10.8 na pampu 10.5, hapo pazuri. Betri ikisoma 10.8 na pampu 8, umeme unapotea njiani. Hamishia mita upande wa hasi, ncha moja kwenye waya wa hasi wa pampu na nyingine kwenye chuma safi cha bodi. Zaidi ya nusu volti maana yake ardhi, yaani muungano wa waya wa hasi na bodi, ni mbovu. Safisha kutu pale waya ulipofungwa na ujaribu tena.

Umeme ukifika vizuri na pampu iko kimya, hukumu imekamilika. Unaweza kuithibitisha kwa kuipa umeme moja kwa moja kutoka betri, ila kwa masharti: tangi limefungwa, unganisha kwanza upande wa pampu, ncha ya mwisho uiguse kwenye betri mbele kule, mbali na mvuke, na isizidi sekunde 10.

Presha yenyewe sipimi nyumbani. Corolla hii haina mdomo wa kuchomekea geji, lazima ufungue njia ya mafuta na kuunga kipande cha katikati. Hapo namlipa fundi mwenye vifaa, tena kwa furaha.

Kununua

Nenda na namba ya chesisi, na kama unaweza nenda na pampu ya zamani mkononi. Zipo zinazouzwa mota peke yake na zipo zilizo kamili na mkebe wake, boya na chujio. Kama mkebe wako haujapasuka, mota na soksi mpya na chujio vinatosha. Soksi usiirudishe ya zamani hata iwe inang'aa.

Toyota nyingi zilitoka kiwandani na pampu ya Denso, kwa hiyo maboksi yenye jina hilo yamejaa madukani, ya kweli na ya kuchongwa. Bei ikikushangaza kwa urahisi wake, shangaa na bidhaa pia. Mimi naenda na multimita: upinzani kati ya pini mbili uwe omu 0.2 hadi 3.0. Haikuhakikishii uimara, ila muuzaji akikuona na mita anakutolea boksi la rafu nyingine. Ya mtumba kutoka Japani siikatai kwa gari lenyewe kuukuu, mradi ijaribiwe mbele yako.

Kuifunga

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji. Kwa hiyo fanyia nje, si kwenye banda, mbali na jiko la mkaa la jirani, mbali na sigara na genereta. Simu iache ndani, tumia tochi ya LED uliyoiwasha kabla ya kufungua tangi. Mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe karibu na mkono wako. Tangi liwe chini ya robo. Ukihitaji kupunguza mafuta tumia pampu ya mkono. Ule mtindo wa kunyonya mpira kwa mdomo uache kabisa, tone la petroli likiingia mapafuni ni hospitali.

Toa presha kwanza: injini ikiwa imewaka, chomoa soketi ya pampu chini ya siti na uiache ijizimie, kisha piga stata mara moja. Isipowaka kabisa, chukulia presha bado ipo na uzungushie paipu kitambaa unapoifungua. Ondoa kichwa hasi cha betri.

Siti inanyanyuka kwa kuvuta kwa nguvu upande wa mbele. Chini yake kuna kifuniko cha bati kilichogandishwa kwa gundi nyeusi, kinyanyue taratibu kwa bisibisi bapa. Sasa simama. Pale juu ya pampu pamejaa vumbi la miaka, mchanga na nywele za paka, na vyote vinasubiri kuanguka tangini. Futa kwa brashi na kitambaa kibichi mpaka pang'ae. Kazi nyingi za pampu zinaharibikia hapa kuliko kwenye bolti.

Paipu ya mafuta ina klipu ya plastiki. Ikigoma, usiivute kwa koleo, sukuma kwanza kuelekea ndani, bonyeza klipu, ndipo uvute. Legeza bolti ndogo zinazozunguka sahani iliyoshikilia pampu kwa mtindo wa msalaba. Magari mapya zaidi yana pete kubwa ya plastiki badala ya bolti, igeuze kwa ubao na nyundo ya mpira, si nyundo ya chuma. Piga picha ya mkebe kabla hujautoa, utanishukuru wakati wa kurudisha. Utoe kwa kuulaza, maana mkono wa boya hupinda kirahisi, na ukipinda geji yako itasema uongo maisha yake yote.

Chungulia ndani kwa tochi. Ukiona tope chini, litoe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kabla ya kuweka pampu mpya. Badilisha mota, soksi, chujio na mpira wa sili. Sili upake petroli kidogo, usipake gundi ya gasketi. Bolti zikaze kwa msalaba, kwa mkono mwepesi. Na soketi, ile iliyonitia aibu, iangalie tundu kwa tundu. Ikiwa imeungua weka soketi mpya, usiunge waya kwa kusokota na utepe juu ya tangi la petroli.

Ikiwa pampu mpya inakufa tena

Angalia tangi, soketi, na mazoea yako ya mafuta. Anayeishi na taa ya njano imewaka anaiendesha pampu bila kipozeo, na uchafu wote wa chini unapita mdomoni mwake. Watu hulaumu uchakachuaji, na kweli umetusumbua hadi Tanzania ikaanza kuwekea mafuta vinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010. Lakini mafuta ya taa kwenye petroli huumiza zaidi plagi na kufanya injini igonge. Pampu huuawa na maji, kutu na mchanga, ambavyo mara nyingi huja kwenye dumu la njiani.

Siti usiirudishe siku hiyohiyo. Washa gari, paguse kote kuzunguka sahani kwa kidole kikavu. Kisha nenda kituoni ujaze tangi mpaka juu, kwa sababu sili iliyokaa vibaya haivuji tangi likiwa robo. Rudi, egesha kwenye mteremko pua ikiwa juu, liache nusu saa, upaguse tena. Kidole kikitoka kikavu, gundisha kifuniko na rudisha siti.